Saa inasema nimechoma kalori 780 ila mizani haisogei, na mapigo 176 huku naongea vizuri tu. Niamini kipi?

mamaNaima

Habari za asubuhi wakuu, poleni na majukumu. Naomba kueleweshwa na yeyote anayejua haya mambo maana nimechoka kubahatisha.

Mimi ni mama wa miaka 41, urefu sentimita 160, nilianza mazoezi mwezi wa pili nikiwa na kilo 84. Saa kumi na moja na nusu alfajiri natoka na jirani yangu tunaenda pale daraja la Tanzanite, tunakimbia taratibu, ile jogingi ya kina mama, hapa tunakimbia pale tunatembea, kilomita 6 kwa dakika kama 55, siku tano kwa wiki. Mume wangu alininunulia saa ya mazoezi, sio zile za bei mbaya lakini sio ya kuokota barabarani pia, imetoka dukani na risiti.

Kila nikimaliza inaniandikia kalori 750, 780, kuna siku ilifika 810. Kwenye simu nina apu ya kuandika chakula nimeiunganisha na saa, basi ile apu inazichukua zile kalori inaniongezea kwenye chakula changu cha siku, ikisema bado una nafasi ya kula kalori mia saba mi nakula, na naandika kila kitu, chapati moja naandika, chai ya maziwa naandika, embe la jirani naandika. Miezi mitatu sasa. Leo asubuhi nimepanda mizani, kilo 83.6. Yaani jasho lote lile halijafika hata nusu kilo, nimekaa kitandani nimelia kabisa.

La pili ndo limenitia hofu zaidi. Jumamosi iliyopita tukiwa darajani saa ikatetemeka mkononi, kutazama mapigo ya moyo 176, maandishi mekundu. Na hapo nilikuwa namsimulia jirani habari za harusi ya mpwa wangu, sentensi nzima nzima, sihemi. Nikakaa chini pale ukingoni nimeshika kifua, jirani kaanza kuomba dua. Siku hiyo hiyo nikaenda kituo cha afya, presha 128/82, mapigo 78, wakanilaza wakanibandika zile waya za kifuani, daktari akasema moyo uko sawa, endelea na mazoezi. Nimeendelea lakini sina raha, kila baada ya hatua mbili macho yako kwenye saa.

Kijana mmoja ofisini kasema hizi saa hazisomi ngozi nyeusi. Mwingine kasema ninunue ya milioni moja na kitu. Na nyongeza, kwa ile harusi nilichorwa piko mpaka kwenye kifundo cha mkono, sijui kama inahusika. Nisaidieni jamani.

kobe_mjanja

Hiyo feki dada. Kuna namna ya kuijua, chukua ndizi mbivu ifunge hiyo saa halafu angalia. Ikikuandikia mapigo ujue umeuziwa pambo.

mbio_za_Moshi

Kobe hiyo ya ndizi isikudanganye, hata saa nzuri kabisa ukiifunga kwenye ndizi au karatasi ya chooni iliyoviringishwa inaweza ikaandika namba. Ile saa haijui kama kuna mtu, inatoa mwanga inasubiri mwanga urudi, kitu chochote laini kinachorudisha mwanga itakihangaikia mpaka ipate kitu kinachofanana na pigo. Kwa hiyo ndizi sio kipimo.

Mama Naima pole sana, hasa kwa kile kihoro cha Jumamosi, mi kilishanipata najua kilivyo. Ngoja nikueleze, na naomba usome mpaka mwisho maana nadhani matatizo yako mawili ni tatizo moja.

Ukigeuza saa yako utaona vitaa vya kijani nyuma. Damu nyekundu inanyonya mwanga wa kijani. Moyo ukipiga damu inajaa kwenye vimishipa vya chini ya ngozi, mwanga mwingi unanyonywa, kinachorudi ni kidogo, pigo likipita kinachorudi kinaongezeka. Saa inahesabu huko kupanda na kushuka. Ukiwa umekaa umetulia hiyo kazi inaiweza vizuri tu. Ukianza kukimbia sasa, mkono unarushwa, saa inacheza, na damu yenyewe kwenye mkono inasukwasukwa kila mguu unapogonga chini, basi kuna mapigo ya aina mbili yanayofika kwenye kile kijicho, pigo la moyo na pigo la hatua, na mara nyingi la hatua ndo lenye nguvu. Saa inashika la hatua, inakuandikia idadi ya hatua zako kwa dakika ikidhani ni moyo.

Mtu anayekimbia taratibu anapiga hatua 160 mpaka 180 kwa dakika. We uliona 176. Umeona hapo?

Mi ilinitokea nikijiandaa na ile nusu marathoni ya hapa Moshi, nateremka mlima, mteremko mtupu, mwili umepoa kabisa, saa inasema 174. Nilipunguza mwendo, ikabaki 172. Nikasimama, baada ya sekunde chache ikashuka ghafla mpaka 118, bila kupita katikati. Moyo haushuki hivyo, moyo unashuka kama mtu anayeshuka ngazi, hauruki toka darini. Hapo ndo nilielewa.

Jipime hivi kesho. Wakati saa inaonyesha namba ya kutisha, hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 15, zidisha mara mbili upate miguu yote, halafu zidisha mara nne upate dakika. Ikilingana na namba ya saa, jibu unalo. Afu simama hapo hapo, weka vidole viwili shingoni pembeni ya koo, hesabu mapigo kwa sekunde 15 zidisha kwa 4. Usichelewe maana ukisimama tu yanaanza kushuka.

Na kingine, 176 kwa umri wako haiwezekani huku unasimulia harusi. Kanuni ya zamani ni 220 toa umri, kwako 179. Ipo nyingine ya mwaka 2001, 208 toa umri mara 0.7, kwako inatoka 179 vilevile. Hizo ni wastani, mtu mmoja mmoja anaweza kupishana nazo mapigo 10 hata zaidi, lakini mtu aliye karibu na kilele chake anatoa neno moja moja, hasimulii.

Uvaaji: isikae juu ya kile kifupa cha kifundo, ipandishe vidole viwili kuelekea kwenye kiwiko, kaza mpaka isiteleze ukitingisha mkono ila vidole visife ganzi, ukimaliza legeza. Vaa dakika tano kabla ya kuanza kukimbia. Piko usiiweke chini ya saa, wino wa tatuu unajulikana kuzuia ule mwanga na piko nyeusi iko pale pale njiani, hamishia mkono usiochorwa mpaka ifutike.

Ukitaka namba ya uhakika zaidi kwenye kukimbia nunua mkanda wa kifuani. Ule hautumii mwanga, unashika umeme wa moyo wenyewe, ni ndugu na zile waya ulizobandikwa kituo cha afya. Sio kitu kipya, Polar ya Finland ilianzishwa mwaka 1977 na mwaka 1982 walishatoa cha kuvaa mtu akikimbia bila waya. Lowanisha zile sehemu za mpira kwa maji kabla ya kuvaa, wengi wanauvaa mkavu halafu wanalalamika dakika kumi za mwanzo ziko hovyo.

sista_wodi_3

Habari mama Naima. Mimi ni muuguzi, Mwanza. Kwanza umefanya la maana kwenda kupimwa, watu wawe wanaiga hilo, namba ikikutisha nenda, bora uambiwe huna kitu.

Niongezee kwa mbio_za_Moshi. Namba ya saa peke yake bila dalili, huku unaongea vizuri, simama hesabu kwa vidole kwanza. Lakini kukiwa na maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu, kupumua kwa shida kusikolingana na kazi unayofanya, moyo kudunda bila mpangilio, au umekaa kabisa umetulia dakika kumi mapigo bado yako zaidi ya 120, hapo achana na saa, nenda hospitali hata kama saa inasema 70. Nalisema hili kwa msisitizo maana saa inaweza kukosea kwa kuongeza na inaweza kukosea kwa kupunguza.

Kuhusu ngozi nyeusi, hili swali naulizwa sana na watu wanachanganya vitu viwili. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha Duke huko Marekani walichukua watu 53 wa rangi zote za ngozi wakawavisha saa na bangili sita tofauti wakalinganisha na zile waya za kifuani, hawakukuta tofauti ya maana kwa sababu ya rangi kwenye mapigo ya moyo. Walichokuta ni kwamba mtu akiwa kwenye mwendo makosa yanakuwa makubwa kwa asilimia 30 kuliko akiwa ametulia. Mwendo ndo mchawi hapo, sio ngozi yako. Kitu cha pili ni kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, huko tatizo la rangi lipo kweli, mwaka huo huo 2020 ilitoka taarifa ya wagonjwa wa Marekani kwamba kwa wagonjwa weusi kile kipimo kilikuwa kinashindwa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu ya kwa weupe, yaani namba inaonyesha nzuri huku damu ina njaa ya oksijeni. Kwa hiyo saa yako ikikuandikia oksijeni asilimia 97 usiitumie kumwambia mgonjwa wa pumu au nimonia abaki nyumbani.

Na naomba nitoe dukuduku, samahani kama natoka nje ya mada. Zile saa zinazotangazwa kwamba zinapima sukari bila kutoboa ngozi, jamani jamani. Mwezi wa pili 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa. Hata moja. Mi nimempokea baba mtu mzima ameletwa na wanawe, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki, tukamtoboa kidole sukari imeshuka vibaya, na mkononi ana saa inasema sukari 6.1, mwanawe ananionyesha "lakini sista saa inasema iko sawa". Tulimpa glukosi akarudi vizuri. Ile saa niliitazama muda mrefu sana siku ile. Mwenye kisukari tumia kile cha kutoboa, na presha ipimwe kwa mkanda wa juu ya kiwiko, umekaa, mgongo umeegemea.

Mwisho, kama kuna anayetumia dawa za presha za jamii ya atenolol, propranolol au bisoprolol, zile zinazuia moyo kwenda mbio. Utakimbia mpaka uchoke na mapigo yasifike 120, sio kwamba hufanyi kazi, na saa itakuandikia kalori chache kuliko ulizotumia. Wewe mama Naima hujataja dawa ila kuna wengine wanasoma.

mtu_wa_Thika

Salamu kutoka Kenya. Mimi nitapingana na nyinyi kidogo. Mimi nimetoka kilo 97 mpaka 88 kwa miezi saba na nilikuwa natumia hizi hizi kalori za saa. Siri yenyewe ni hii, mimi sikuwahi kula zile kalori. Saa ikisema 600 mimi naangalia tu, jana ilikuwa 550, leo 600, basi leo nimejikaza kuliko jana. Chakula changu kilikuwa kile kile kila siku, ugali wa ukubwa mmoja, sukuma, nyama mara mbili kwa wiki. Kwa hivyo hata kama saa inadanganya, ikidanganya kwa kipimo kile kile kila siku bado inakusaidia kujilinganisha. Msiambie watu wazitupe.

mbio_za_Moshi

Hakuna aliyesema zitupwe ndugu yangu. Lakini hiyo "kipimo kile kile" ndo haipo, ikishika hatua leo inaongeza 300, kesho umekaza mkanda wa saa haijashika, inatoa namba ya kweli, we unadhani leo umezembea kumbe umefanya zaidi. Kwa umbali na muda nakubaliana na wewe, kwa kalori hapana.

mwalimu_Karatu

Nilikuwa nasoma kimyakimya ila hapa kwenye kalori naomba niingie, nafundisha michezo na baiolojia na hili jambo nalipenda.

Kalori saa haizipimi. Hicho ndo kitu cha kwanza kukielewa. Mapigo angalau ina kijicho cha kuyatazama, kalori haina kijicho chochote, inakisia. Njia ya kupima kweli ni kumvalisha mtu barakoa iliyounganishwa na mashine, ukapima oksijeni anayovuta na hewa anayotoa, kwa sababu mwili unachoma chakula kwa oksijeni, lita moja ya oksijeni ni takriban kalori 5. Saa haina habari na pumzi yako. Inachukua umri, jinsia, urefu, uzito uliojaza siku ya kwanza (mama Naima kaangalie kama uzito uliojaza ni sahihi), inachukua mapigo na mrusho wa mkono, inaingiza kwenye kanuni ya kampuni ambayo hawaitoi hadharani, inakuletea namba. Mapigo yakikosewa, kalori zimekosewa pia. Ndo maana mbio_za_Moshi kasema matatizo yako mawili ni moja, saa ilidhani moyo unakwenda 176 kwa dakika nyingi, kwa kanuni yake huyo ni mtu anayekimbia kufa na kupona, ikakupa kalori za mtu wa hivyo.

Mwaka 2017 chuo cha Stanford waliwavisha watu 60 saa saba tofauti, kwenye mashine ya kukimbilia na baiskeli, na barakoa usoni. Kwenye mapigo saa sita kati ya saba zilikosea chini ya asilimia 5, nzuri. Kwenye kalori ile iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea wastani wa asilimia 27, na ya mwisho asilimia 93. Saa zimebadilika tangu wakati huo, lakini tatizo la msingi ni lile lile, hazina pumzi yako. Kwa hiyo ya milioni moja na kitu itakusaidia kwenye mapigo pengine, kwenye kalori usiinunue kwa sababu hiyo.

Tena saa inaangalia mkono tu. Fua nguo beseni mbili kwa mkono uone hatua utakazohesabiwa umekaa kwenye kigoda. Kanda unga wa chapati, hatua. Panda bodaboda kwenye barabara ya vumbi, hatua. Halafu beba ndoo ya lita 20 kichwani mkono mmoja umeishika, kazi nzito kuliko zote hizo, mkono umetulia juu, saa inakuona kama umesimama. Mama zangu huku wanapanda na maji toka bondeni kilomita mbili, ukiwavisha saa itawaambia leo hamjafanya kitu.

Sasa hesabu yako. Kanuni rahisi ya kukimbia ni kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kilo 84 mara kilomita 6 ni 504. Lakini nyinyi mnatembea sehemu, kutembea kunakula kalori chache kuliko kukimbia, tuseme kati ya 400 na 450. Humo toa kalori kama 60 ambazo ungezitumia hata ungebaki umelala kitandani ile saa moja, maana apu ya chakula ilishazihesabu kwenye kiwango chako cha siku, ukiziongeza tena unazihesabu mara mbili. Tunabaki na 340 mpaka 390. Saa inakuambia 780. Tofauti ni kama 400 kila siku ya mazoezi, na wewe mtu mwaminifu ukaila yote. Mara siku tano ni 2,000 kwa wiki, mara wiki kumi na mbili 24,000. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Gawa. Ni kilo tatu hizo, ulizitoa kwa jasho darajani ukarudishiwa na apu mezani.

Kwa hiyo usilie, ulifanya kazi. Kazi yako ipo, iliandikwa vibaya tu.

Na hapo bado mafuta ya kupikia, kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120, watu wengi wanaandika mchicha wanasahau kilichoukaanga.

Kuna kitu kingine kilichofanyika huku kwetu, ndo maana nimesema nalipenda hili jambo. Kule chini ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, wanawinda, wanachimba mizizi, wanafuata asali, wanaume wanatembea kilomita kama 11 kwa siku. Mtafiti mmoja Mmarekani, Herman Pontzer, na wenzake walikaa nao wakawapima watu wazima 30 kwa njia ya maji, unakunywa maji ambayo chembe zake zimewekwa alama, halafu mkojo unapimwa kwa siku kadhaa, hiyo ndo njia inayoaminika kuliko zote kwa mtu anayeendelea na maisha yake. Majibu yalitoka 2012. Ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadzabe walikuwa wanatumia kalori kwa siku sawasawa na watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Nakumbuka nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Maelezo yao ni kwamba mwili ukizoea kazi nyingi unabana matumizi sehemu nyingine, kwa hiyo ukichoma 400 kwenye mazoezi haina maana jumla ya siku imepanda 400 kamili. Hakuna saa inayoijua hiyo, saa inajumlisha tu.

Ushauri wangu: kwenye ile apu zima kabisa muunganiko na saa. Weka kiwango kimoja cha chakula, kifuate wiki tatu, jipime uzito asubuhi kabla ya kula mara tatu kwa wiki, chukua wastani. Wastani usiposhuka punguza kidogo. Mizani na futi ya fundi cherehani kiunoni, hivyo havihitaji kuchajiwa.

kobe_mjanja

Mwalimu asante, nimejifunza. Dada mama Naima samahani kwa kukuambia feki, nilikurupuka.

sista_wodi_3

Mwalimu umesema vizuri, ila mama Naima usishushe chakula chini sana ukafika kuzimia njiani. Hesabu ya mwili wako ukiwa umelala tu siku nzima ni kama kalori 1,470, usikae chini ya hapo siku nyingi bila kuongea na mtu wa lishe.

mamaNaima

Wakuu nimerudi. Samahani nimechelewa kujibu, nilitaka nijaribu kwanza ndo niseme.

Leo nimefanya kama mlivyoelekeza. Jirani kashika simu anahesabu sekunde, mi nakimbia. Saa ilikuwa imevaliwa kama siku zote, kwenye kifupa, imelegea. Ikapanda, 160, 165, 168 ikaganda hapo. Nikahesabu mguu wa kulia sekunde 15, ishirini na moja. Mara mbili arobaini na mbili, mara nne 168. Namba ile ile kabisa! Nikamwambia jirani rudia, tukarudia, tena 168. Nikasimama nikaweka vidole shingoni, mara ya kwanza nilikosa mshipa nikatafuta, tukaanza upya, mara ya pili nikausikia unagonga vizuri, 35 kwa sekunde 15, ni 140. Jirani naye kajihesabu kapata 148 na yeye hana hata saa.

Basi nikaipandisha vidole viwili, nikaihamishia mkono wa kulia usio na piko, nikakaza, nikasubiri. Kurudi tukakimbia tena mwendo ule ule, saa ikasema 139, 143, 141. Mwisho wa safari kalori 512, sio 780. Bado iko juu ya hesabu ya mwalimu lakini mnaona tofauti, kilomita ni zile zile 6.

Uzito kwenye saa nimeangalia, kulikuwa na kilo 94. Sijui ni mimi nilikosea kubonyeza au mume wangu alikisia wakati anaiwasha, sijamuuliza bado. Nimeweka 83.6.

Apu nimeizima na saa. Sista nashukuru sana, mama yangu mzazi anatumia atenolol na dada yangu alikuwa anataka kumnunulia saa kama hii amfuatilie moyo, nimempigia nimemsomea maneno yako yote kwenye simu.

Swali moja la mwisho kwa mbio_za_Moshi, mkanda wa kifuani kwa mwanamke unavaliwa juu ya sidiria au chini?

mbio_za_Moshi

Chini ya sidiria mama, unagusa ngozi moja kwa moja, chini kidogo ya matiti pale kwenye ncha ya mfupa wa kifua. Mke wangu anavaa kwa namna ambayo ukingo wa chini wa sidiria ya mazoezi unaushikilia usishuke. Lowanisha kwanza. Na ukimaliza uoshe kwa maji ya kawaida uanike kivulini, jasho la chumvi linaumaliza haraka.